Kompyuta Kuukuu Isiondoke na Siri za Nyumba

Inapofika katikati ya Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze, Korogwe na Same hujaa mabasi na magari madogo yanayoelekea Himo na Moshi. Wana wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kula Krismasi. Kule juu Marangu, Mwika, Machame, Kibosho na Rombo, nyumba zilizokuwa zimefungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, na bibi huanza kuhesabu wajukuu waliofika na wale ambao bado wako njiani. Katika mizigo inayoshushwa, pamoja na mchele, mafuta ya kupikia na vitenge vya bibi, siku hizi halikosekani begi jeusi lenye kompyuta ndani yake. Si mpya. Mwenyewe amekwisha nunua nyingine huko mjini, na hii ameileta kwa ajili ya mpwa aliyemaliza kidato cha nne, au kwa ajili ya ofisi ya usharika, au kwa binamu anayetaka kufungua steshenari pale Mwika sokoni.

Ni jambo jema, tena linastahili kupongezwa. Wengi wa vijana wetu wa mlimani wamegusa kompyuta kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Na zawadi za namna hii zitaongezeka, kwa sababu kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikitumia programu hiyo haziwezi kupokea ile iliyofuata. Mashine bado inawaka, bado inaandika barua, lakini mwenyewe anaona wakati umefika wa kuiachia.

Lakini mpenzi msomaji, kabla begi hilo halijakabidhiwa, mama wa nyumba hana budi kuuliza swali moja: humo ndani kumebaki nini?

Hebu tuhesabu pamoja. Kuna picha za harusi na za ubatizo wa watoto. Kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho kilichopigwa picha wakati wa kumwombea nafasi ya shule. Kuna namba ya NIDA ya baba na ya mama, zile tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kuna hati ya kiwanja, mkataba wa mkopo wa benki, majibu ya vipimo yaliyotumwa na hospitali kwa barua pepe, na barua ambayo dada alimwandikia mama kuhusu matatizo ya ndoa yake. Kama mama ni katibu au mweka hazina wa kikoba, kuna orodha ya wanachama wote: majina, namba za simu, hisa za kila mmoja, nani amekopa na nani ameshindwa kurejesha. Kwa hiyo siri zilizomo si zake peke yake. Amewabeba na wenzake thelathini.

Wako akina mama watakaosema, "Mimi sina la kuficha, maisha yangu yako wazi." Kwa heshima zote, hoja hiyo ni dhaifu. Mlango wa chumba cha kulala hufungwa kila usiku, na hakuna jirani anayeuliza kuna uovu gani ndani. Jambo la faragha si jambo la aibu. Ni jambo lenye wenyewe.

KUFUTA SI KUONDOA

Wengi wetu tunaamini kwamba tukifuta faili na kumwaga kile kikapu cha taka kilichoko kwenye kioo, faili limekwisha. La hasha. Ili kuelewa, fikiri juu ya kitabu cha nyimbo. Mwishoni mwa kitabu kuna faharasa, yaani orodha ya nyimbo na ukurasa wa kila wimbo. Ukizichana kurasa za faharasa, mtu aliyezoea kutafuta kwa orodha atasema nyimbo hazimo. Lakini nyimbo zenyewe zimo zote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenye subira akifunua ukurasa mmoja mmoja atauimba wowote anaoutaka.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ndani yake kuna diski ambayo mafundi huiita hadi diski. Unapofuta faili, kompyuta haiendi kulisugua faili lenyewe. Hufuta tu jina lake katika orodha na kuandika kwamba nafasi ile sasa iko huru kutumiwa. Faili hubaki palepale mpaka siku ambayo kitu kingine kitaandikwa juu yake, na siku hiyo inaweza kuwa kesho au isifike kamwe. Ziko programu za bure za kufufua mafaili yaliyofutwa. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuzitumia bila kufundishwa, na wala si kosa kuwa nazo, kwani zimewaokoa wengi waliofuta picha kwa bahati mbaya.

Hata kile mafundi wetu wanachokiita "kupiga Windows", yaani kuweka programu kuu upya, mara nyingi hakiondoi ya zamani. Fundi akichagua ile njia ya haraka, anakuwa amechana faharasa na kubandika nyingine mpya, basi. Mashine inawaka ikiwa safi kama sahani iliyooshwa, na mwenye nayo anaondoka ameridhika, kumbe sehemu kubwa ya yale ya zamani iko chini.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza walichokiona baada ya kununua diski kuukuu 158 kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa 129. Katika hizo, zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Ndani ya nyingine walikuta barua pepe za watu, taarifa za matibabu, na zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Baadhi ya wenyewe walikuwa wameziuza wakijua wamezifuta.

Huku kwetu Afrika, mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada walikwenda Ghana kufuatilia kompyuta chakavu zinazomwagwa huko. Katika soko la mji wa bandari wa Tema walinunua diski zilizotumika, na moja ilikutwa na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni kubwa ya Marekani inayotengeneza silaha. Na mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa sababu kazi ya kuondoa mashine zake kuukuu ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi huo, na baadhi ya mashine zikaishia kuuzwa mnadani zikiwa bado na taarifa za wateja. Ikiwa wenye fedha na wataalamu wa kuajiri waliteleza hivyo, sisi tunaotegemea kikapu cha taka tuko wapi?

MPWA NI MWEMA, LAKINI

Nisieleweke vibaya. Simshuku mpwa. Pengine ni kijana mcha Mungu asiyegusa kisicho chake. Lakini kompyuta haikai kwa mpwa milele. Itaharibika chaja, ataipeleka kwa fundi mjini Moshi. Atapata ada ya chuo pungufu, ataiuza. Atakayeinunua atamuuzia mwingine. Baada ya miaka miwili hujui iko Himo, Arusha au Taveta, na yale ya nyumbani kwako yamo.

Sote tumekwisha pokea ule ujumbe wa simu usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Tunacheka na kuufuta, kwa sababu anayeutuma hatujui, anarusha jiwe gizani. Sasa fikiri kwamba ameipata ile orodha ya kikoba. Anajua jina lako, anajua mnakutana Jumamosi, anajua unadaiwa kiasi gani na mweka hazina anaitwa nani. Ujumbe wake utasomeka hivi: "Mama fulani, mimi ni mweka hazina wako, laini yangu ina tatizo, rejesho la Jumamosi lipitishie namba hii." Ni wangapi kati yetu wangesita?

Uko na ule utapeli wa kupigiwa simu na mtu anayejifanya mwalimu, kwamba mwanao ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, fedha inatakiwa mara moja. Mtu mwenye fomu ya kujiunga na shule iliyobaki katika kompyuta yako anajua jina la mtoto, shule na darasa. Moyo wa mama ukisikia jina la mtoto hauulizi tena maswali.

Na kuna jambo jingine ambalo sharti tuliseme, ingawa ni la ndani. Mume na mke wanaoishi mbali, yeye Mwanza na wewe Moshi, huweza kutumiana picha ambazo ni zao wawili tu. Ni haki yao. Lakini picha hizo zikifunguliwa na simu kwenye kompyuta, au zikihifadhiwa humo ili kupunguza mzigo wa simu, zinabaki humo. Mwovu akizipata hatadai shilingi elfu kumi. Ataitisha fedha kila mwezi, na mama ataumia kimya kwa sababu ya aibu isiyo yake.

Tena yapo yasiyohitaji hata kufufuliwa. Kama ulizoea kusoma WhatsApp kwenye kompyuta na hukuiondoa, atakayeiwasha anaweza kusoma mazungumzo yako yanavyoingia. Kama barua pepe yako imeachwa wazi, hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa maneno ya siri ya mambo mengine yote hubadilishwa kupitia barua pepe.

KAZI YENYEWE

Kwanza okoa. Nakili picha, barua na hesabu zote unazozihitaji kwenye diski ya nje au kwenye flashi mbili, kisha zifungue katika kompyuta nyingine uone kama kweli zinafunguka. Usiruke hatua hii kwa haraka ya safari, kwani tutakachofanya baadaye hakina kurudi nyuma.

Pili, jitoe kila mahali. Toka katika barua pepe, Facebook na akaunti ya Google au ya Microsoft. Katika simu yako fungua WhatsApp, tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uiondoe kompyuta hiyo. Maneno ya siri ya barua pepe na ya benki yabadilishe, hasa kama kompyuta ilikuwa na mazoea ya kukukumbushia.

Ndipo tuje kwenye kusafisha. Katika Windows 10 na Windows 11 kifaa kimo ndani ya mashine yenyewe, bila kununua chochote. Andika katika sehemu ya kutafutia maneno "Reset this PC". Itakuuliza kama unataka kubakiza mafaili au kuondoa kila kitu: chagua "Remove everything". Kisha itauliza kama programu kuu ichukuliwe kwenye intaneti au humo humo ndani. Chagua humo humo, yaani "Local reinstall", la sivyo itakula bando la zaidi ya GB 4. Sasa jambo ambalo wengi hulipita: kabla ya kukubali, bonyeza palipoandikwa "Change settings" na uwashe "Clean data". Hapo ndipo tofauti ilipo. Bila kuwasha hilo, umechana faharasa. Ukiliwasha, kompyuta itaandika juu ya yale ya zamani ili yasisomeke kirahisi.

Itachukua saa kadhaa. Chomeka chaja, hakikisha betri imejaa, na kama mtaa wenu hukatikiwa umeme jioni, anza asubuhi.

Hiyo hutosha kwa kompyuta ya nyumbani. Microsoft wenyewe wanasema njia hiyo imetengenezwa kwa watu wa kawaida, haifikii masharti ya ofisi za serikali au viwanda. Kwa kompyuta ya zahanati, shule au SACCOS, mwite fundi anayejua kazi, naye atumie programu maalumu ya kuandika juu ya diski nzima. Mkisikia fundi anasema lazima iandikwe mara 35 na anatoza kwa kila mara, mwambieni hapana. Idadi hiyo inatokana na andiko la mwaka 1996 la mtaalamu Peter Gutmann, kuhusu diski za zamani hizo. Kwa diski za kuzunguka za sasa, mara moja ikifanyika kikamilifu inatosha.

Nimesema diski za kuzunguka kwa sababu ziko za aina mbili. Zile za zamani zina sahani inayozunguka, na ukitega sikio unasikia mlio wake. Kompyuta nyembamba za miaka ya karibuni zina aina nyingine isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Hii ina tabia ya peke yake. Ni kama mtunza ghala anayeogopa rafu moja isichakae: ukimwambia aweke gunia jipya mahali pa la zamani, yeye huliweka rafu nyingine, na lile la zamani linabaki kwanza. Kwa hiyo kuandika juu yake hakuaminiki sana. Dawa yake ni kufuli. Katika mipangilio ya Windows tafuta "Device encryption", au BitLocker kwa zile za kiofisi. Ukiiwasha, kila kilichomo hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Iache imalize, kisha ndipo urudishe kompyuta upya kama nilivyoeleza. Hata kama kitabaki kipande mahali fulani, kitakuwa takataka tupu isiyo na ufunguo. Kompyuta za Apple zina kufuli la namna hiyo liitwalo FileVault, na zile mpya zina amri moja ya kufuta vyote.

Kama mashine yako haina kufuli hilo, mwulize fundi kama anayo programu ya mtengenezaji wa SSD hiyo. Nyingi hutolewa bure.

UKIENDA KWA FUNDI

Wengi wetu tutampelekea fundi, na si vibaya. Ila tusizungumze naye kama tunaomba msaada wa gizani. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii laptopu nataka kumpa mtu. Naomba uisafishe."

"Hakuna shida, mama. Nitapiga Windows mpya, nusu saa tu uje uchukue."

"Kupiga Windows hakutoshi, baba. Nataka yaliyomo yote yaandikwe juu, yasifufuke."

"Ee, hiyo itachukua masaa, mama."

"Najua. Nimekuja na kitambaa changu cha kufuma, nitakaa hapa hapa."

Fundi mwaminifu hatakasirika. Atajua amepata mteja anayejua anachotaka. Na kama hamna nafasi ya kukaa, mwombe aichomoe diski na kukukabidhi, kisha uirudishe siku ambayo utakuwa na nafasi. Kuichomoa katika kompyuta nyingi ni kazi ya bisibisi na dakika kumi.

ILIYOKUFA KABISA

Kompyuta isiyowaka inadanganya zaidi kuliko inayowaka. Tunaona kioo cheusi tunasema imekufa, tunamgawia mtoto achezee au tunamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Mara nyingi kilichokufa ni ubao au kioo. Diski ni nzima, na mtu akiichomeka katika mashine nyingine inasoma kama kawaida.

Hivyo basi, diski ichomolewe kwanza. Na kabla ya kuiharibu, ulizia kava la diski katika maduka ya kompyuta mjini. Ni kijaluba chenye waya wa kuchomeka. Ukitia diski yako humo, umepata ghala la kuhifadhia picha za familia bila kununua jipya. Mimi naona ni vibaya kuvunja kitu kizima.

Kama imeharibika, au hutaki ibaki, basi ivunjwe kweli kweli. Kuitumbukiza majini hakusaidii, na sumaku ya jokofu haiifanyi lolote. Kuigonga nyundo juu ya kifuniko hutoa kelele tu. Ile ya kuzunguka itobolewe kwa drili mashimo kadhaa yanayopita katika sahani zenyewe, na anayetoboa avae miwani, kwa kuwa baadhi ya sahani hizo ni kioo. Ile ya SSD ivunjwe kila kipande cheusi kilichoko juu ya kijiubao chake, kwa sababu kumbukumbu ziko katika hivyo vipande. Betri isiguswe kabisa na drili wala nyundo. Ikitobolewa huweza kuwaka moto mkononi.

Wala tusichome. Juu kule vihambani tumezoea shimo la taka nyuma ya migomba, na kila kitu kinakwenda humo: maganda, plastiki, chupa. Moshi wa plastiki na nyaya za kompyuta ni sumu kwa watoto wanaosimama kuota moto. Ukiifukia, risasi na metali nyingine zilizomo katika vijiubao zitachuja udongoni, na sote twajua maji ya mlimani hayakai kwa mtu mmoja. Mfongo upitao kwako asubuhi unanywesha shamba la jirani wa chini mchana. Nchi yetu ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, na wanaokusanya taka hizo wanatakiwa kuwa na kibali cha NEMC. Anayekuja na toroli akitaka kununua kompyuta mbovu mwulize habari ya kibali, na hata akiwa nacho, usimpe diski. Wenzetu wa Nairobi wana WEEE Centre, kituo kinachopokea vifaa vya namna hii na kuvitenganisha.

STESHENARI NAYO

Akina mama wengi hawana kompyuta nyumbani, na huenda wamesoma mpaka hapa wakisema haiwahusu. Lakini ni nani kati yetu hajapeleka cheti cha mtoto steshenari? Tunapeleka vyeti, vitambulisho, fomu za mikopo ya elimu ya juu, na vyote hupigwa picha na kuachwa juu ya kioo cha kompyuta ya pale. Wengine hutuma kwa WhatsApp ya mwenye duka, na zikabaki katika simu yake vilevile. Siku kompyuta hiyo itakapouzwa, itaondoka na vitambulisho vya nusu ya kata.

Hata mashine kubwa za fotokopi, zile za kisasa, nyingi zina diski ndani ambayo huweka picha ya kila karatasi iliyopita. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Marekani iitwayo Affinity Health Plan ililipa zaidi ya dola milioni 1.2, kwa kuwa ilirudisha mashine za fotokopi za kukodi bila kufuta taarifa za wateja wapatao 344,000 zilizokuwa katika diski zake.

Basi ukienda steshenari, peleka kazi yako kwenye flashi na uombe ichapwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ikibidi iingizwe katika kompyuta, omba ifutwe ukiwa umesimama pale. Kufuta huko si kamili, kama tulivyokwisha ona, lakini ni afadhali kuliko kuacha kitambulisho chako kinakodoa macho kwa kila mteja. Na dada mwenye steshenari unayesoma gazeti hili, wewe ndiwe mwenye mzigo mkubwa kuliko sisi.

Si suala la hisani tu. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asikae nazo kupita muda unaohitajika. Taarifa za watoto na za miamala ya fedha zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Mama anayetunza orodha ya kikoba, mwalimu wa chekechea mwenye fomu za watoto, na ofisi ya usharika au parokia yenye mashauri ya ndoa, wote washike taarifa hizo kama amana ya watu.

Kwa vikundi, lisifanywe kimyakimya na mtu mmoja. Kikao kinapoamua kwamba kompyuta ya kikundi itolewe au iuzwe, kiteue wanachama wawili wa kusimamia usafishaji. Wanakili hesabu kwanza, wakae kwa fundi mpaka mwisho, na ikirudi waiwashe mbele ya wengine. Iliyosafishwa sawasawa itawaka kama iliyotoka dukani, ikiuliza uchague lugha na nchi. Katibu na aandike katika muhtasari tarehe, namba ya mashine iliyoko chini ya kifuniko, jina la fundi, na majina ya wawili walioshuhudia.